Mbwa wa Shingo Tupu

Baba alishuka stendi ya Mbezi akiwa na begi moja, fimbo moja na tenga la kuku lililofunikwa gunia. Kiharusi kilikuwa kimemlegeza upande wote wa kushoto, na binamu yangu aliyemsindikiza kutoka Manyoni alimshika kwapani akimteremsha ngazi moja moja. Nilipokea begi. Nilipotaka kupokea tenga, baba alilivuta kwake.

"Acha hilo." Maneno yalitoka kwenye pembe moja ya mdomo.

"Ni kuku?"

"Kuku," binamu yangu alidakia, akimwangalia kondakta aliyekuwa karibu yetu anakagua mizigo.

Tenga likabweka.

Kondakta aliinama, akafunua gunia, akalifunika tena. "Kuku wa kwenu wameanza lini kubweka, mzee?" Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alikuwa anaangalia kama kifuniko cha tenga bado kimefungwa vizuri.

Naishi Chamazi, mbele ya Mbagala, ambako nyumba zilizokwisha zimechanganyika na mapagala, mikorosho ya wenyeji wa zamani na viwanja vilivyozungushiwa waya wa miiba. Nilikuwa peke yangu katika vyumba viwili, nafanya kazi ya ukarani kwenye shule moja ya sekondari. Nilimpa baba chumba cha mbele, chenye dirisha linaloangalia ua.

Hospitalini, dada wa mazoezi ya viungo alitueleza hali ilivyo bila kuipamba. Mguu usipotembeshwa kila siku utakauka, alisema, na ukishakauka haurudi. Mzee atakuwa mtu wa kitandani, na mtu wa kitandani wa umri wake hapati muda mrefu. Aliyasema haya mbele ya baba, akimtazama usoni. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akauliza mlango wa kutokea uko wapi.

Alikuwa ametumikia reli miaka yote ya ujana wake, katika genge la kukaza boliti na kubadilisha mataruma. Siku za mapumziko aliingia porini na mbwa. Mtu wa namna hiyo kuambiwa anyanyue mguu, ashushe mguu, na binti yake amhesabie, aliona ni kudhalilishwa. Wiki za kwanza alikaa kwenye kiti cha plastiki akiutazama ukuta wa choo. Nikimwambia tutembee, anasema amechoka. Nikimshika mkono, anaulegeza ule mzima ufanane na ule mgonjwa. Jioni nilikuwa namkanda ule mguu kwa mafuta ya nazi, na nilianza kuhisi nyuma ya goti kitu kama kamba iliyovutwa.

Mbwa wakati huo alikuwa bado mtoto. Rangi yake ilikuwa ya udongo wa kichuguu, mbavu zinaonekana hata akiwa ameshiba, masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo. Hakuwa na jina. Kwetu mbwa wa kuwinda hapewi jina mpaka aue mnyama wake wa kwanza, na baba hakuona sababu ya kuubadilisha utaratibu huo kwa kuwa tu amehamia Chamazi. Chakula chake kilikuwa ugali wa dona uliochanganywa na vichwa vya dagaa, unapoa kwanza, kisha analishwa na baba kwa mkono. Nyama hakupewa. Akizoea nyama ya bure, baba alisema, atafute ya nini?

Siku moja nilirudi kutoka bombani nikakuta kiti kitupu. Niliweka ndoo chini nikakimbia nyuma ya nyumba. Baba alikuwa anatembea kandokando ya uzio, fimbo mkono wa kulia, na kiunoni amejifunga kamba inayoburuza ngozi kavu ya digidigi aliyokuja nayo ndani ya begi. Nyuma yake mchangani kulikuwa na nyayo za mguu mmoja, mfereji wa mguu wa pili, na juu yake njia pana iliyofagiliwa na ngozi. Mbwa alikuwa amefungwa kwenye nondo ya dirisha, analia.

"Baba, unafanya nini?"

"Siwezi kumfundisha huyu nikiwa nimekaa."

"Nipe mimi nikuburuzie."

"Ukiburuza wewe atakuwa mbwa wako." Alisimama kupumua, jasho linamtiririka upande mmoja wa uso. "Mbwa anajifunza kwa mtu mmoja. Nenda kapike."

Nilienda kupika. Sikumwambia chochote kuhusu mguu, wala yeye hakuniambia.

Tangu hapo kazi ilikuwa ya kila siku. Anaamka kabla jua halijakausha umande, kwa sababu umande ndio unaoshika harufu. Anaburuza ngozi, anaificha chini ya ndoo au nyuma ya tofali, anarudi taratibu mpaka kitini, kisha anamfungulia mbwa. Mwanzoni mbwa alizungukazunguka akinusa kuku wa watu. Baadaye akaanza kwenda moja kwa moja, pua chini. Ua ulipokuwa mdogo kwao walihamia kiwanja cha jirani kisichojengwa, na kiwanja kilipozoeleka waliteremka hadi kwenye bonde lenye mikorosho.

Alimfundisha mambo mengine mawili. La kwanza, kutookota. Alikuwa anatupa vipande vya nyama njiani, vimejazwa pilipili kichaa katikati, mpaka mbwa akawa anapita juu ya kipande cha nyama bila kukitazama. La pili lilikuwa pembe. Baba alikuwa hawezi tena kupiga mluzi, mdomo haukukubali, lakini kwenye kipembe cha digidigi upande mmoja wa midomo ulitosha. Mlio mmoja mrefu maana yake simama. Mifupi miwili, rudi.

"Mbwa haitwi akiwa mbioni," alinieleza. "Kwanza asimame, halafu aitwe. Asiyejua kusimama anakimbilia mbele ya mshale wa mwenzako."

Hilo la kusimama lilimchukua muda kuliko yote. Lakini alilipata. Nimemwona yule mbwa akiwa kasi, mchanga unaruka, pembe inalia, na yeye anaganda pale pale mguu mmoja umekunjwa juu.

Jirani yetu wa upande wa bonde alikuwa mama wa Kizaramo, mtu mzima karibu na umri wa baba, ambaye mikorosho ile ilikuwa ya wazazi wake kabla sisi wengine hatujafika. Siku alipomwona mbwa kwa mara ya kwanza alikunja kanga zake hadi magotini na kusimama mbali.

"Mtani!" aliita. Alikwishaamua kuwa watu wa bara wote ni watani zake. "Huyo mnyama wako akinigusa na pua yake mbichi, wewe ndiye utakayenifulia. Mara saba, na moja kwa udongo. Na mguu huo huo mbovu."

"Nitafua," baba alijibu. "Leta na sabuni."

"Nyie watu wa bara na sabuni wapi na wapi!"

Walianza hivyo, na ikawa kila asubuhi lazima kuwe na neno. Mbwa alipoua panya buku kwenye shimo la taka, mama yule alisimama nyuma ya uzio wake akipiga vigelegele vya kejeli. "Haya, kaua! Mpe jina sasa."

"Panya si mnyama," baba alisema.

"Basi muite Panya."

Siku moja nilimkuta mama yule amesimama, mkono kiunoni, anamtazama baba akipanda kutoka bondeni. "Mwanangu," aliniambia kwa sauti ya chini, "baba yako alikuja hapa kama gunia la mkaa. Unaona anavyoweka kisigino?" Nilikuwa nimeona. Nyuma ya goti kamba ile ilikuwa imelegea. Kliniki, dada wa mazoezi aliukunja mguu, akaunyoosha, akaniuliza nimemfanyia nini. Nilimjibu kwamba amepata kazi.

Kisha mbwa wa kuzurura alimng'ata mtoto mtaa wa pili. Waliliosha jeraha, wakalifunga, wakaona limepona. Mtoto alifariki baada ya wiki kadhaa kwa kichaa cha mbwa, na waliomwona siku zake za mwisho hawakutaka kusimulia. Nilikwenda msibani. Mama yake alikuwa amekaa kwenye mkeka anatazama kikombe cha maji alichowekewa, na kila aliyeingia aliangalia pembeni.

Hakuna mtu aliyekuwa na hamu ya kusikia habari za mbwa baada ya hapo. Bwana mifugo alikuja na kuwachanja wote walioletwa kwenye uwanja wa ofisi ya mtaa. Baba alimpeleka wake kwa miguu, kwenda na kurudi, mimi nikimsindikiza. Bwana mifugo alimchoma sindano, akamfunga mkanda mwekundu shingoni.

"Mzee, mkanda huu usitoke," alisema. "Tukipita kuondoa wanaozurura, sie hatumjui mbwa kwa sura. Tunaangalia shingo."

"Nimesikia."

"Hata akiwa nyumbani."

"Nimesikia, mwanangu."

Tulipofika nyumbani baba aliketi, akamwita mbwa, akaupitisha mkono wake mzima chini ya mkanda, kati ya mkanda na manyoya. Akaniambia kwamba mbwa wa kuwinda haingii porini na kitu shingoni. Alikuwa naye mmoja zamani, mbwa aliyempita mbwa yeyote aliyewahi kumfuga, na mtoto wa kaka yake alimvalisha kamba ya katani kwa mapenzi tu. Mbwa yule aliingia kichakani nyuma ya nungunungu na hakutoka. Walimkuta siku ya pili amening'inia kwenye miiba, kamba imenasa kwenye tawi, miguu ya nyuma imechimba shimo pale ilipokuwa inagusa chini.

"Hapa si porini, baba."

"Ule waya wa miiba wa kile kiwanja ni nini?"

Gari la matangazo lilipita siku iliyofuata. Mbwa wote wafungwe ndani. Atakayekutwa nje bila mkanda atauawa. Baba alisikiliza mpaka spika ikafifia, akatabasamu nusu. "Sumu hiyo. Huyu haokoti."

"Hawakusema sumu. Wamesema watauawa."

"Wanatega nyama, siku zote wanatega nyama."

"Baba, mfunge. Ni siku chache tu."

"Mie nimefuga mbwa mama yako hajakuzaa." Lakini alimfunga. Siku mbili mbwa alikaa amefungwa kwenye nondo ya dirisha, mkanda mwekundu shingoni, na siku mbili baba alikaa kwenye kiti. Upande wa barabara ya lami tulisikia risasi, mbali. Jioni ya pili nilipomkanda mguu alinuna, akasema unauma.

Siku ya tatu ilikuwa Jumamosi. Nilikuwa nimeinamia beseni la nguo uani walipotoka. Niliangalia shingo kwa makusudi, na mkanda ulikuwepo. Baba alikuwa ameshika kamba ya mbwa kwa mkono wa kulia pamoja na fimbo. Alisema anakwenda naye mpaka kwenye uzio tu, mbwa ajisaidie.

Yaliyofuata sikuyaona. Baba alinieleza mwenyewe, kwa vipande, na mama jirani aliyekuwa anaokota kuni ng'ambo ya bonde aliyaona kwa macho yake. Maelezo yao yanalingana.

Baba alikuwa ameshatandaza njia. Aliamka mapema wakati bado nimelala, akaburuza ngozi kupita kiwanja chenye waya, akateremka bonde, akavuka, akapanda upande wa pili hadi karibu na barabara ya vumbi, na akarudi. Hakuwa amewahi kwenda mbali namna hiyo tangu augue. Ndiyo maana hakutaka njia ile ipotee na umande. Alipofika kwenye kiwanja alitazama huku na huku, hakuona mtu. Akafungua mkanda, akautia mfuko wa shati, akamwachia mbwa.

Mama jirani anasema mbwa alipita mita chache tu kutoka kwake na hakumtazama hata kidogo. Pua chini. Alipita juu ya kipande cha nyama kilichokuwa kimeachwa kwenye njia ya bonde, hakukigusa. Akapanda kuelekea barabarani.

Pikapu ilikuwa inakuja taratibu. Nyuma walikaa watu wawili, mmoja na bunduki. Baba aliiona kutoka ng'ambo. Akataka kumrudisha mbwa, na kwa kuwa mbwa haitwi akiwa mbioni, alifanya kama alivyofanya maisha yake yote: alipuliza mlio mmoja mrefu.

Mbwa akasimama. Mguu mmoja umekunjwa, kichwa kimegeuka, anasubiri mifupi miwili.

Mimi nilichosikia uani ni pembe na kisha mlio wa bunduki, na mlio ule ulikuwa karibu. Nilikimbia na povu la sabuni mikononi. Nilipofika bondeni baba alikuwa anavuka kwa kasi ambayo sikujua kama anayo, fimbo ameiangusha nyuma, mguu wa kushoto anautupa tu. Alianguka mara moja, akanyanyuka kabla sijamfikia.

Mbwa alikuwa amelala kwa ubavu kwenye nyasi za kando ya barabara. Ilitosha risasi moja. Bwana mifugo, yule yule, alikuwa ameshuka kwenye pikapu. Nyuma ya gari kulikuwa na mbwa wengine waliorundikwa, na damu ilikuwa inadondoka kwenye mchanga kupitia mlango wa nyuma. Alimwangalia baba, akamwangalia mbwa, nikaona anawatambua wote wawili.

"Mzee," alisema. "Mkanda uko wapi?"

Baba aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akaunyoosha mbele yake kana kwamba ameombwa tiketi. Hakuna aliyeupokea. Mwenye bunduki aligeuka akatazama upande mwingine.

"Nilikwambia, baba," bwana mifugo alisema kwa sauti ndogo. "Nilikwambia shingo."

"Ulisema."

"Pole sana."

Walitaka kumchukua pamoja na wale wengine, ndio utaratibu. Baba alisema hapana, mara moja tu, na bwana mifugo akawaambia wenzake waingie kwenye gari.

Ilibaki kumbeba. Mbwa mkubwa aliyekufa ni mzito, na mkono mmoja wa baba haukutosha kumnyanyua. Nilikuwa natafuta pa kumshikia mama jirani alipofika na gunia la kuni alilolimwaga njiani. Alilitandaza. Kisha akakunja mikono ya baibui, akashika miguu ya nyuma kwa viganja vyake vitupu.

"Mama, acha, nitaita mtu," nilimwambia.

"Mwite nani? Shika huko mbele."

Tulimzika chini ya mkorosho wake, si uani kwetu. Alituonyesha pa kuchimba na akaniletea jembe. Baba alikaa chini akitazama. Tulipomaliza, mama yule aliomba ndoo ya maji, akachukua udongo ule ule uliotoka shimoni, akajisugua mikono hadi viwiko, kisha akaosha, na akaosha, akihesabu kwa midomo bila sauti. Baba alimfuatilia mpaka mara ya saba.

"Mtani," alisema. "Nilikuahidi nitafua mimi."

"Nyamaza, mtani."

Nilitegemea atalia siku za mbele, au atagomba. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alirudi kwenye kiti, na kiti alikigeuza kikatazama ukuta. Asubuhi namwita, anasema amechoka. Nilijaribu kuburuza ngozi mwenyewe mbele yake, nikaona aibu katikati ya ua nikaacha. Mama jirani, ambaye hajawahi kuingiza mbwa uani kwake, alikuja siku moja amejifunga kanga safi, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Kuna mtu Kongowe mbwa wake amezaa," alisema. "Mwanangu mie atakuletea mmoja. Mdogo kabisa, kama yule ulivyokuja naye."

Baba alimshukuru kwa heshima.

"Nimfundishe nini?" aliuliza. "Niliyokuwa nayajua ndiyo yaliyomwua."

Mama jirani aliinuka kwenye ndoo, akafunga kanga yake upya, akarudi kwake.

Mvua za masika zilipoanza baba alikuwa hatoki tena chumbani. Dada wa kliniki alikuja nyumbani siku moja, akalishika goti, akajaribu kulinyoosha, akaacha. Aliniita nje, lakini hakuwa na jambo ambalo hakuwa amelisema siku ya kwanza. Sasa namgeuza upande huu na upande huu ili mgongo usitoke vidonda. Mguu wa kushoto umekunjika na haukunjuki.

Ngozi ya digidigi ilikuwa chini ya kitanda chake. Unyevu wa mvua uliifanya ianze kunuka, chumba kizima kikawa na harufu ya mnyama. Nilimuuliza nifanye nini nayo.

"Tupa."

Nilikwenda nayo jalalani, mwisho wa mtaa, ambako zamani usingeweza kumwaga hata maganda ya ndizi bila mbwa wanne watano kukuzunguka. Niliiweka juu ya taka na kungoja kidogo, sijui kwa nini. Hakuna aliyekuja kuinusa. Nikarudi ndani kumgeuza baba.